Mtani wa Mahiwa

Mimi ni Mngoni wa Peramiho na Fortunata Milanzi ni Mmwera wa Nyangao, kwa hiyo hakuna mtu duniani mwenye haki ya kumsema vibaya kuliko mimi. Anayetaka kusikia sifa zake tupu aende kwa mama yake mzazi. Babu zangu waliwapiga babu zake, wakawachukulia chakula na wanawake, na vita vilipokwisha wazee wa pande zote mbili wakaona kwamba watu waliopigana kiasi hicho hawawezi tena kuwa watu baki. Wakawa watani. Tangu hapo tunatukanana bila kukasirika na tunapokonyana vitu bila kuombana. Msiba ukiingia kwa mmoja, mtani ndiye anayeshika jembe la kaburi, ndiye anayemcheka marehemu wakati ndugu wanalia, na haondoki bila kupewa chake. Kwetu kusini mwa Tanzania hakuna anayemfundisha mtoto mambo haya, anakua nayo. Nayaeleza hapa kwa sababu Dubai alikuwepo mtu ambaye hakuelezwa, na ikaleta balaa.

Mwaka 2007 mimi na Fortunata tulikuwa dobi katika hoteli moja ya Al Barsha, karibu na lile duka kubwa lenye mlima wa barafu ndani yake. Hoteli ilitupangia vyumba International City, ambako majengo yamepewa majina ya nchi, na sisi tuliangukia Ufaransa. Nimekaa Ufaransa miaka mitatu na kitu pekee nilichonusa ni maji machafu ya jiji, hasa upepo ukigeuka. Tulilala wanne chumba kimoja, na Fortunata alikoroma kuliko mashine za kazini.

Ni mfupi, ana mikono minene, na hutembea kama mtu anayewahi basi hata akiwa anakwenda chooni. Kufua alikuanza akiwa msichana, katika hospitali ya misheni ya kwao Nyangao, mkoa wa Lindi. Mume alimwachia binti mmoja na madeni ya pombe. Fortunata akamwacha binti kwa mama yake, akapitia kwa wakala Dar es Salaam, akaja Ghuba. Wamwera wenzake wamekaa chini ya mikorosho wanangoja iangushe. Huyu alikataa kungoja.

Akishika jambo halimtoki. Tulipofika, mpishi wa bwalo letu, Mmalabari mmoja mpole, hakuwa amewahi kusikia ugali. Fortunata akawa kila mchana anakwenda dirishani na sahani yake kuomba ugali, kwa adabu, kwa Kiswahili kitupu. Mpishi anampa wali, naye anashukuru, na kesho anaomba tena. Wafilipino wakamcheka, na mimi nikamcheka zaidi yao, maana ndiyo kazi yangu. Ikafika siku mpishi mwenyewe akamvuta jikoni, akampa mwiko na sufuria na unga wa chenga, akamwambia yalla, nionyeshe. Tangu hapo Jumatano ikawa siku ya ugali, na aliyechelewa alikuta Wapakistani wameumaliza.

Mlango wa wafanyakazi ulilindwa na Mkenya mmoja, Dancan, Mjaluo wa Seme upande wa Kisumu, mrefu, mpole, mwenye heshima za kanisani. Sare yake ilipigwa pasi kwetu. Siku moja aliileta akiwa amenyong'onyea, nikamuuliza kulikoni, akasema babu yake amezidiwa, mzee wa miaka kama tisini, jina lake Mahiwa. Fortunata alikuwa na pasi mkononi. Akaisimamisha.

"Mahiwa ni kwetu," akasema. "Nikitoka mlangoni kwa mama naiona."

Dancan alidhani anataniwa, na kwa kweli alikuwa bado hajaanza kutaniwa. Kwao Mahiwa lilikuwa jina la mtu. Baba wa mzee huyo, aliyeitwa Ogada, alichukuliwa wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, akafanywa askari wa Keya, ndilo jeshi la Mwingereza la Waafrika, akamwacha mkewe mjamzito. Vita vilipokwisha alirudi mwenzake mmoja tu, akamwambia mjane kwamba mumewe aliangukia mahali panapoitwa Mahiwa. Mtoto akapewa jina hilo ili lisipotee. Mahali penyewe ni wapi, yule mwenzake hakuweza kueleza, maana walitembezwa nchi nyingi hadi zikamchanganyika kichwani. Baadhi ya watu wa ukoo waliamini Mahiwa iko Ujerumani.

Basi Fortunata akamweleza, pale pale kati ya mashuka. Ukiuliza shuleni juu ya vita hivyo watakutajia Tanga na Kilimanjaro, lakini Mahiwa hata mwalimu wetu hakuijua. Ilikuwa Oktoba ya 1917. Askari wa Mjerumani walikuwa juu ya mwinuko, ndani ya mahandaki, na askari wa Mwingereza wakaambiwa wapande. Walikuwemo wa Keya, walikuwemo na Wanaijeria walioletwa kwa meli kutoka upande wa pili wa Afrika. Walipanda siku nne. Wakiangushwa hawa, wanapandishwa wengine, kana kwamba risasi zitachoka kabla ya watu. Karibu nusu ya waliopandishwa waliuawa au kujeruhiwa, na Mjerumani aliyeshinda alipungukiwa na watu na risasi hata akauacha ule mwinuko na kukimbilia kusini. Waliouana walikuwa Waafrika kwa Waafrika, na mwinuko wenyewe haukubaki mikononi mwa yeyote. Nikifikiria jambo hilo hadi leo damu inanichemka.

Babu wa mama yake Fortunata alikuwa mle handakini, askari wa Mjerumani. Alipigwa mguuni, wenzake wakamwacha, mwanamke wa Kimwera akamficha na baadaye akaolewa naye. Kwao wanasimulia kwamba wazungu walirudi kuwatafuta wazungu wao, lakini Waafrika wa Keya walibaki pale walipoangukia. Mzee yule, na mguu wake mbovu, akaanza kupanda mwinuko kila asubuhi na jembe. Mkewe alimuuliza kwa nini anawazika watu waliotaka kumuua. Akajibu kwamba yeye ndiye aliyewalaza, kwa hiyo yeye ndiye wa kuwafunika. Tuta hilo lipo nyuma ya shamba la mikorosho la mjomba wake Fortunata, na hakuna aliyewahi kulilima.

Dancan aliketi juu ya kikapu cha taulo na kulia bila aibu. Kisha akatueleza kinachomsumbua babu yake. Kwa Wajaluo, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa tunda la mwegea mahali pake, lile tunda refu, zito, na mambo yanakwisha. Wazee walitaka kumzika Ogada hivyo tangu zamani. Mtoto wake alikataa alipokuwa kijana, akakataa alipokuwa mtu mzima, na sasa yuko kitandani bado anakataa. Alisema hawezi kulazwa katika boma ambalo baba yake hajalazwa, na kila walipoleta tunda alilisukuma kwa mguu. Neno lake lilikuwa moja, kwamba baba yake si tunda. Alitaka udongo wa pale alipoangukia, hata kama ni wa kushika kwa mkono mmoja.

"Sista," Dancan akamwambia Fortunata, "ukienda likizo, nisaidie. Huyu mzee hana muda."

Fortunata akamwambia amefika penyewe, na akaanza kazi siku hiyo hiyo. Shida ni kwamba aliianza kwa namna ya kwao. Alifikiri hivi: babu yangu alimuua babu yake, au alikuwa karibu na aliyemuua, walipigana wakamalizana, basi huyu si mtu baki tena, ni mtani wangu. Udongo wa kaburi hauchukuliwi na mgeni wala hauchukuliwi na rafiki. Unachukuliwa na ndugu au na mtani. Kwa hiyo kabla ya kushika jembe, utani ulipaswa uwepo. Hakumweleza Dancan lolote kati ya haya, kwa sababu kwetu halielezwi, linafanywa.

Kesho yake akampitia mlangoni, akachukua chapati katika bakuli lake, akala mbele yake akiondoka. Siku iliyofuata akamwambia kofia imemkaa kama sufuria juu ya fimbo. Dancan akacheka kwa woga. Wakenya wenzake, Lawrence na Wangari, wakaanza kumnong'oneza kwamba yule dada wa dobi amemzimia, na yeye maskini akaanza kupita mlango kwa kujificha, mlango ambao analipwa kuulinda. Mimi nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

Kicheko kiliisha Hatta, mji wa milimani nje ya Dubai. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa nne, kabla joto halijakaza, wafanyakazi tukakodi basi dogo kwenda kuona milima na bwawa. Tulikula juu ya mawe, Wakenya na Watanzania pamoja, kuku na wali na soda. Dancan alikuwa amepanga jambo lake. Akasimama, akawaeleza wenzake habari za Ogada, akasema Mungu amemletea dada wa kumsaidia, kisha akavua kofia na kuomba dua kwa sauti, akamtaja baba wa babu yake kwa jina lake na la baba yake. Wangari alikuwa anafuta machozi. Ndipo Fortunata akainuka, mfupa wa kuku mkononi, mfupa wa kuku wa Dancan.

"Mnamlilia nani?" akasema. "Huyo Ogada wenu aliangushwa amegeuza kisogo. Babu yetu alimzika kwa sababu alikuwa ananuka tu. Hata sasa tukilima karibu na pale mihogo inatoka michungu."

Kwetu, maneno yale yangefungua machozi na vicheko pamoja, na ndugu wa marehemu wangemrushia mtani kitu cha kwanza kilicho karibu, wakapumua. Kule Hatta hakuna aliyecheka. Mimi peke yangu nilicheka, na nikanyamaza katikati. Dancan alivaa kofia yake polepole.

"Dada," akasema, "kwetu anayemtukana maiti ndiye aliyemuua. Usilitaje tena jina la watu wangu. Na huo udongo sitaki."

Akaenda kukaa ndani ya basi juani mpaka tulipoondoka.

Jioni ile nilimfuata Fortunata chumbani nikamwambia aombe radhi. Nilimwambia hawa si watu wetu, Kiswahili tunakisema pamoja lakini hatukukua pamoja. Alikuwa anakunja nguo zake. Akasema kama angekuwa amemkosea Dancan kwa jambo jingine lolote, angekwenda kwa magoti. Lakini mtani akiomba radhi, amejitoa kwenye utani. Anakuwa mtu baki, na mtu baki hawezi kuligusa lile tuta. Nikamuuliza sasa atafanya nini, maana mwenye maiti amesema hataki. Akanijibu kwamba mwenye maiti ni yule mzee aliye kitandani, na yeye hajasema hivyo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, akasema, akaendelea kukunja.

Nilikwenda kwa Dancan mwenyewe kumweleza utani ni nini. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza kila mtu, kisha akaniuliza kama kuna siku hiyo kazi inafanywa bila matusi. Nikasema hapana. Akasema basi khalas, sista, tuache hivyo. Wiki zikapita. Alimkagua Fortunata begi mlangoni kila siku bila kuinua macho, na sare yake akawa anaifua mwenyewe.

Mwezi wa sita Wangari alikuja dobi na habari kwamba mzee Mahiwa ameacha kula, anapokea uji kidogo tu. Ukoo umekwisha kuchuma tunda la mwegea, liko nje ya nyumba, limefunikwa kwa majani ya mgomba. Wanangoja apoteze fahamu wamzike Ogada bila kumuuliza. Fortunata alisikia yote akiwa anaingiza mashuka kwenye mashine ya kunyoosha. Mchana akaenda kwa madam wetu, msimamizi wa dobi, kuomba likizo yake isogezwe mbele.

Likizo yetu ilikuwa mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili, na yake ilikuwa Desemba. Madam akasema haiwezekani, nusu ya watu wameshakwenda kukimbia joto, nani atashika mashine? Ulikuwa wimbo wa ugali upya. Kila mchana Fortunata alisimama mlangoni kwa madam, anaomba, anakataliwa, anashukuru, anarudi kazini. Safari hii alifanya na la zaidi. Akamwendea kila mmoja wetu mwenye likizo ya kiangazi kutaka kubadilishana. Wote tulikataa, mimi nikiwemo. Nani atakwenda kwao Desemba akiweza kwenda Julai? Hatimaye Joweria, Mganda aliyekuwa anapanga taulo, akakubali, kwa sharti kwamba Fortunata amfanyie zamu zake za mashine kubwa hadi siku ya kuondoka. Akazifanya juu ya zake. Vifundo vya miguu vilimvimba akawa anavaa kandambili za Joweria zilizokuwa kubwa kwake. Nikamwambia anatembea kama bata wa misheni, akanitukana vizuri sana, nikajua bado yu mzima.

Siku ya kuondoka akaniachia kazi moja, nitafute jina la soko la kwao Dancan na jina la baba yake mdogo anayeshughulikia mambo ya boma, bila Dancan kujua. Nikampata Lawrence, ambaye haambiwi kitu mara mbili. Nikamtumia Fortunata majina hayo kwa simu.

Kutoka hapo nilimfuata kwa sauti tu. Alinipigia kutoka Nyangao. Binti yake alikuwa amerefuka hata akamfikia begani, na siku ya kwanza alimwamkia kama mgeni. Mjomba wake alimpeleka kwenye tuta. Kabla ya kumpa jembe, akamuuliza kama wale watu wa kaskazini wanamjua. Fortunata akajibu kwamba bado, lakini watamjua. Mjomba akamuuliza tena kama ana hakika Ogada yumo katika tuta lile. Akasema hana hakika, na hakuna mtu anayeweza kuwa nayo. Ila kama aliangukia Mahiwa, basi aliangukia mikononi mwa watu wa nyumba hii. Mjomba akampa jembe, naye akajaza udongo katika kopo la maziwa.

Nilidhani ataukaa mwezi wake, aje na udongo Dubai, amwekee Dancan mlangoni. Hata mimi nimwonaye kila siku sikumjua. Baada ya siku chache alinipigia tena, nikasikia honi na makelele nyuma yake. Yuko Dar es Salaam, kituo cha mabasi, anakwenda Arusha, na kutoka Arusha Nairobi, na kutoka Nairobi Kisumu. Nikamuuliza binti je.

"Amelia sana," akasema. "Nimemwambia nakwenda kuzika. Mtani hapeleki udongo kwa ndugu kama mzigo wa sukari, Redempta. Mtani anakwenda msibani."

Ndiyo hapo nilipolia mimi, Mngoni, kwa ajili ya Mmwera. Naomba lisifike Peramiho.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nje ya jengo letu asubuhi, kwenye kivuli cha duka la Mkerala, nasubiri mkate utoke. Dancan akaja mbio kutoka upande wa Ugiriki walikowekwa walinzi, simu sikioni, shati halijafungwa. Akasimama mbele yangu akihema.

"Mwenzako yuko kwetu," akasema.

Aliyekuwa kwenye simu ni baba yake mdogo. Dancan akanieleza haraka, nusu kwa Kiswahili nusu kwa macho. Mwanamke mfupi ameingia bomani bila hodi wala salamu, ana kopo la maziwa lililofungwa kwa kanga. Ameketi katikati ya uwanja. Amesema kwa sauti kwamba Ogada alikuwa mwoga na mlafi, na kwamba yeye ndiye wa kumzika, kwa hiyo apewe jembe na apewe kuku. Alipoona tunda la mwegea akalibiringisha kwa mguu hadi kwenye ua. Vijana wamekwisha kushika fimbo. Wanasema ni mwendawazimu au ni mchawi. Kilichowazuia ni mzee Mahiwa. Amesikia kelele, akataka kubebwa nje kwenye godoro, na hajasema ila swali moja: huyu mwanamke ni nani kwetu? Fortunata amewaambia wamuulize Dancan wa Dubai.

"Wananiuliza mimi," Dancan akasema. "Wanangoja. Nikisema hatumjui, wanamtoa. Nimwambie mzee nini?"

Hapa ningeweza kusema mengi. Nilishamweleza utani akaukataa, na sikuona kwa nini auelewe sasa, amesimama kwenye jua na watu wanangoja sikioni. Nikamwambia lile tu ambalo hakulijua. Nikamwambia yule mwanamke ana binti mmoja ambaye hajamwona miaka miwili, amekaa naye siku chache katika mwezi mzima alioupigania, na siku zilizobaki amezimalizia ndani ya mabasi ili akatukanwe na ukoo wako.

Dancan akanigeuzia mgongo. Nilimwona mabega tu. Kwenye simu baba yake mdogo alikuwa anaita jina lake, na nyuma yake sauti za vijana zilikuwa zinapanda. Nikaanza kumwogopea Fortunata kweli kweli, maana alikuwa peke yake katika nchi ya watu, hana ndugu hata mmoja, na neno la kumwokoa lilikuwa kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimuumiza.

Kisha Dancan akasema kwa Kijaluo neno fupi, akaniambia amewaamuru wamsogezee simu mwanamke. Akafungua spika ya simu, akaongea kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, kama anayetaka boma zima lisikie.

"Fortunata. Babu yenu alizika watu kama anayepanda mihogo, ndiyo maana wamechelewa kufika. Safari hii chimba hadi kiunoni, najua kwako si mbali. Na ukimaliza, kuku hupati. Utapewa miguu ya kuku, ufanane nayo."

Halafu nikasikia kicheko cha Fortunata kikitoka kwenye ile simu, kile kikubwa kisicho na adabu, na katikati kikavunjika kikawa kitu kingine. Dancan naye alikuwa anacheka huku machozi yanamshuka hadi kwenye kola. Mkerala alitoka dukani kutuangalia, akarudi ndani.

Simu ikarudi kwa baba yake mdogo, na swali likarudi pamoja nayo. Mzee bado anauliza, huyu ni nani kwetu? Dancan alijibu kwa Kijaluo taratibu, kisha akanigeukia akanirudia alichosema.

"Nimesema, mwambie babu, ni wale waliomuua baba yake. Wamemleta nyumbani."

Tulisubiri. Huko Seme mtu alikuwa ameinama sikioni kwa mzee, anamfikishia. Sikusikia fimbo wala kelele tena, nilisikia upepo tu kwenye simu. Baadaye ikaja sauti nyembamba, kavu, ya mtu aliyeacha kula siku nyingi, na Dancan akaufunga mdomo kwa kiganja. Nikamvuta mkono anitafsirie.

"Babu anasema wapewe maji," akasema. "Wote wawili. Wametoka mbali."